Aliyepigwa na Radi Aguswe: Mvua za Ngurumo Mkoani Katavi na Huduma ya Kwanza

Redio zinapotangaza kimbunga katika Bahari ya Hindi, kama ilivyokuwa kwa Kenneth mwezi Aprili 2019 na kwa Hidaya mwezi Mei 2024, hata wakazi wa Mpanda huuliza iwapo kitafika kwao. Hakitafika. Kimbunga cha kitropiki huishi kwa joto la bahari. Huhitaji eneo pana la maji yenye joto la nyuzi 26 au 27 za Selsiasi, na kikiingia nchi kavu hukosa chanzo hicho na kudhoofika. Kati ya pwani na Katavi kuna karibu upana wote wa Tanzania, na Ziwa Tanganyika, pamoja na urefu wake, ni jembamba mno kukizalisha. Linaloweza kutokea ni kimbunga kilicho mbali, tuseme katika mlango-bahari wa Msumbiji, kuvuta hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo, ikapita juu ya mikoa ya magharibi na kuzidisha mvua. Hatari ya kila mwaka kwa watu wa Katavi imo katika wingu la kawaida la alasiri, na jina lake ni radi.

Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, takribani kuanzia Novemba hadi Aprili. Jua la asubuhi hupasha ardhi moto. Hewa iliyo juu yake huwa nyepesi na kupanda ikibeba mvuke. Huko juu mvuke hupoa na kuwa matone, na kitendo hicho hutoa joto linaloisukuma hewa ipande zaidi, hata wingu likafikia kimo cha kilomita 12 na kupita. Ndani yake, mahali penye baridi kali, chembe ndogo za barafu hugongana na vipande vizito vya mvua ya mawe. Kila mgongano huhamisha chaji kidogo ya umeme: chembe nyepesi hupanda zikiwa na chaji chanya, vipande vizito hubaki chini na chaji hasi. Tofauti ikizidi uwezo wa hewa kuizuia, umeme hupasua njia hadi ardhini. Hewa katika njia hiyo hufikia joto la nyuzi 30,000 kwa kitambo kidogo mno, hutanuka kwa ghafla, na mtanuko huo ndio ngurumo.

Ni wachache wanaopigwa moja kwa moja. Walio wengi huumizwa na umeme uliotambaa ardhini kutoka mahali radi ilipoangukia, au ulioruka kutoka kwenye mti waliojikinga chini yake. Ndiyo maana radi moja huweza kulaza kundi zima la ng'ombe: miguu ya mbele na ya nyuma imeachana, na umeme unaopanda mguu mmoja na kushukia mwingine hupita karibu na moyo. Ndiyo maana pia darasa au kanisa hupoteza watu wengi kwa mpigo. Mwezi Juni 2011 wanafunzi 18 walikufa katika shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda. Na Novemba 2024 watu 14 walikufa wakiwa ibadani katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa nchi hiyo hiyo.

Hapa ndipo mhudumu wa afya, na hata jirani asiye na mafunzo, ana kazi ya haraka. Radi huusimamisha moyo kwa mshtuko mmoja. Mara nyingi moyo una uwezo wa kuanza tena wenyewe, lakini sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi huchelewa kuzinduka. Moyo ulioanza kupiga hukosa oksijeni na kusimama mara ya pili, na safari hii haurudi. Mtu huyo hufa kwa kukosa pumzi katika dakika ambazo angeweza kupuliziwa.

Kwa hiyo kanuni ya kawaida ya ajali yenye majeruhi wengi hugeuzwa. Anayelia au kujikongoja ana nafasi kubwa ya kupona, kwani wanaopigwa na radi na kunusurika ni wengi kuliko wanaokufa. Wa kuhudumiwa kwanza ni yule anayeonekana amekufa. Kifua kikandamizwe katikati kwa kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila baada ya mikandamizo 30 apuliziwe pumzi 2. Mboni zilizotanuka zisichukuliwe kuwa dalili ya kifo, kwa sababu radi yenyewe huzitanua. Miguu iliyopooza, baridi na yenye rangi ya samawati, mara nyingi hurudi katika hali yake baada ya saa chache.

Kinachochelewesha huduma hii ni hofu ya kumgusa. Wengine hudhani umeme umebaki mwilini. Si kweli, mwili hauhifadhi umeme wa radi. Wengine huamini kwamba radi imetumwa na mtu, hivyo mganga atangulie. Imani hii ina mizizi mirefu katika mikoa ya magharibi, na kuibeza mbele ya wafiwa hakusaidii kitu. Mhudumu anaweza kuuacha mjadala wa nani aliyetuma, akaanza kukandamiza kifua. Alama nyekundu zenye umbo la matawi ya mti, zinazoonekana kwenye ngozi ya baadhi ya majeruhi na kutafsiriwa kuwa chapa ya uchawi, ni njia za umeme juu ya ngozi. Hufifia kwa siku moja hivi bila dawa.

Kinga ni ngumu zaidi kwa mkulima wa tumbaku au mchungaji kuliko kwa mtu wa mjini. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu. Ngurumo ikifuata mmweko kabla ya kuhesabu 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na kazi isimame. Mti, banda la shambani na bani la tumbaku si mahali salama. Jengo kubwa imara au gari lenye paa la chuma hukinga vizuri. Kazi irudiwe dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo na tahadhari kwa siku zijazo, lakini tangazo la mkoa mzima haliwezi kutaja shamba litakalopigwa. Shule iliyojengwa kileleni inahitaji kikinga radi kilichofungwa na fundi na kufukiwa ardhini ipasavyo.

Majeruhi aliyezinduka asirudishwe nyumbani kwa sababu tu anatembea. Apimwe mapigo ya moyo, masikio yachunguzwe kwa kuwa ngoma hupasuka mara kwa mara, na mjamzito asikilizwe mtoto wake. Vidonda vya moto kwa kawaida ni vya juujuu, hivyo maji mengi ya mshipani hayahitajiki. Familia ielezwe kwamba usahaulifu, kukosa usingizi, hasira na maumivu ya mishipa huweza kudumu kwa miezi, na kwamba mtoto wa jicho huweza kujitokeza baadaye. Mgonjwa akiona ukungu machoni, arejee kituoni.