Ndege Aliyeandikwa Ana Mtetezi

Machi 2013, wakazi wa Dakatcha katika Kaunti ya Kilifi, Kenya, waligundua viota vya mnana wa Clarke kwenye kinamasi kinachojaa maji baada ya mvua nzuri. Mnana huyu, ambaye dume lake ni jeusi mgongoni na la manjano tumboni, alielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya sayansi mwaka 1913. Haishi popote duniani isipokuwa katika misitu ya Kilifi. Kwa miaka mia moja watafiti walimwona akipita kwa makundi juu ya miti ya mrihi, lakini hakuna aliyeweza kuonyesha mahali anapozaliana. Jibu lilitoka kwa watu wa hapo hapo: wanachama wa kikundi cha uhifadhi cha Dakatcha, wakishirikiana na shirika la Nature Kenya, watu waliojizoeza kutazama ndege na kuandika wanachokiona.

Makala hii inaeleza namna ya kuanza kutazama ndege ukiwa popote Afrika Mashariki bila kutumia fedha nyingi, na namna ya kuufanya utazamaji huo uwafae watu pamoja na ndege wenyewe. Kiini chake ni daftari. Mapenzi ya ndege hukaa moyoni mwa mtu. Lakini kilichoandikwa, kikiwa na tarehe, mahali na idadi, kinaweza kuwekwa mezani kwa ofisa wa misitu, mbele ya kamati ya kijiji au mbele ya mwekezaji.

Anzia nyumbani

Kenya na Tanzania kila moja ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Usizitazame zote kwa pamoja. Chagua kumi wanaofika uani kwako au wanaokaa kwenye njia unayopita kila siku, uwajue vizuri kabla ya kwenda mbali: shomoro, njiwa, tetere, shore, chozi, mnana, mwewe, yangeyange, kwarara, kunguru.

Hata kunguru peke yake ana mengi ya kufundisha. Ukiwa bara utamwona zaidi yule mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe, mwenyeji wa Afrika. Ukiwa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam utamwona zaidi yule wa kijivu shingoni na kifuani. Huyo ni kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Tangu hapo ameenea pwani nzima, anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na katika miji mingi yule mwenyeji amekuwa adimu. Hesabu kunguru wa aina zote mbili mtaani kwako kwa mwezi mmoja, nawe utakuwa umeanza kazi yenye maana.

Unapomwona ndege usiyemjua, usikimbilie rangi. Anza na ukubwa: ni mdogo kama shomoro, wa kiasi kama njiwa, au mkubwa kama kunguru? Kisha tazama mdomo, kwa maana mdomo hueleza chakula. Mfupi na mnene ni wa kuvunja mbegu. Mrefu, mwembamba na uliopinda kama wa chozi ni wa kunyonya maua. Ulioshuka kwa ncha kali kama wa mwewe ni wa kurarua nyama. Tazama anavyokaa na anavyotembea: anaruka kwa miguu yote miwili au anapiga hatua? Anatikisa mkia? Sikiliza sauti yake hadi mwisho. Rangi iwe ya mwisho, kwani mwanga huibadilisha, na dume na jike wa aina moja mara nyingi hawafanani.

Saa bora ni kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na tena alasiri jua linapopoa. Kaa mahali pamoja kwa dakika 20 bila kuzungumza. Ndege walioruka ulipofika watarudi, na wale uliodhani hawapo wataanza kujitokeza.

Utulivu huo una faida kwa mwili na akili. Watafiti wa King's College London walifuatilia watu 1,292 kati ya mwaka 2018 na 2021 kwa kutumia programu ya simu iliyowauliza mara kadhaa kwa siku walivyojisikia na walichokiona. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa kuona au kusikia ndege kuliambatana na hali bora ya moyo, na unafuu huo uliweza kudumu kwa muda wa hadi saa nane. Ulionekana hata kwa watu waliokuwa na ugonjwa wa sonona.

Vifaa vichache vinatosha

Macho, masikio, daftari dogo na penseli vinatosha kuanzia. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino kwa sababu haifutiki karatasi ikilowa.

Ukipata uwezo wa kununua darubini, soma namba zilizoandikwa juu yake. Katika 8x42, namba 8 ni mara ngapi kitu kinakuzwa, na 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kadiri kioo kilivyo kipana ndivyo mwanga unavyoingia zaidi, jambo linalosaidia msituni na alfajiri. Kwa anayeanza, 8x42 au 8x32 zinafaa. Darubini inayokuza mara 12 au zaidi hutikisika mkononi na kumchosha mtu. Kikundi cha watu sita kinaweza kuchangia darubini moja na kupokezana.

Kitabu kinachotumiwa na waongozaji wengi ni Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe, chenye picha za ndege wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Wenye simu janja wanaweza kupakua bila malipo programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell. Ichukue kama msaidizi tu: ikikupa jina, hakikisha mwenyewe kwa kumtazama ndege kabla ya kuliandika.

Daftari: mambo ya kuandika

Kila unapotoka, andika tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, jina la mahali, na hali ya hewa. Kisha andika kila aina ya ndege kwa mfuatano wa kuiona, pamoja na idadi. Ukishindwa kuhesabu kundi kubwa, hesabu kumi, tazama kumi hao wamechukua nafasi kiasi gani, ndipo ukadirie waliobaki. Ongeza walichokuwa wakifanya: kubeba majani ya kiota, kulisha makinda, kufuata ng'ombe, kula matunda ya mti gani.

Usiyemjua mchore, hata kama huna mkono wa kuchora, na uandike alama zake pembeni. Usilazimishe jina. Rekodi moja ya uongo huwafanya watu wazitilie shaka zile 100 za kweli.

Andika pia asiyekuwepo. Kama mbayuwayu hukaa kwenye nyaya za mtaa wako kuanzia Septemba hadi Aprili, wakitoka Ulaya na Asia kukimbia baridi, basi mwaka ambao hawakufika ni habari kubwa. Asiyeandika atakumbuka tu kwamba "zamani walikuwa wengi", na neno hilo halina uzito mbele ya mamlaka.

Nendeni pamoja

Nairobi kuna matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, yaliyoanzishwa mwaka 1971 na Fleur Ng'weno chini ya chama ambacho leo kinaitwa Nature Kenya. Chama chenyewe kiliundwa mwaka 1909. Katika matembezi hayo mwanafunzi, mstaafu, mgeni na dereva wa teksi husimama chini ya mti mmoja wakiulizana. Waongozaji wengi wa ndege nchini Kenya walijifunzia huko.

Kuanzisha kikundi chenu si kazi kubwa. Chagueni njia moja ya kilomita mbili au tatu, na siku moja isiyobadilika, kwa mfano Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mmoja aandike, mmoja ahesabu, mmoja aongoze njia. Zungukeni kwa njia ile ile kila mara ili rekodi za miezi tofauti zilinganishwe. Waombeni walimu wawalete wanafunzi, na hakikisheni wasichana na kina mama wanapata zamu ya darubini na zamu ya kuongoza.

Waiteni wazee pia. Wawindaji wa zamani, warina asali na wavuvi wanajua sauti, misimu na viota ambavyo havijaandikwa popote. Mwaka 1991, watafiti waliokuwa kambini katika milima ya Udzungwa, Tanzania, waliona kwenye sufuria ya chakula miguu ya ndege wasiyoifahamu. Ilikuwa ya kware wa msituni ambaye sayansi ilikuwa haimjui, ingawa watu wa pale walikuwa wakimla. Kabla hamjafungua kitabu, mwulizeni babu au bibi: huyu kwetu anaitwaje, na anaonekana lini? Liandikeni jina la kwenu kando ya lile la kitabuni.

Rekodi zinakwenda wapi

Daftari lililofungiwa sandukuni halimsaidii ndege. Kenya ina mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza mwaka 2013 kwa ushirikiano wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na washirika wake. Nchi imegawanywa katika miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa. Mtu yeyote anaweza kuchagua mraba, akatazama ndege kwa muda usiopungua saa mbili, kisha akatuma orodha yake. Tanzania ina atlasi yake ya ndege, iliyokusanya rekodi tangu miaka ya 1980. Mfumo wa eBird hupokea orodha kutoka nchi yoyote. Na kila Januari hufanyika sensa ya ndege wa majini katika maziwa na mikono ya bahari, ambapo wasaidizi wa kujitolea hukaribishwa kuhesabu pamoja na wataalamu.

Kwenye mkono wa bahari wa Mida, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya, hesabu za namna hii zimeonyesha thamani ya tope ambalo wengi waliliona kuwa halina kazi. Vitwitwi na ndege wengine wa ufukweni hufika hapo kutoka Ulaya na Asia kula minyoo na kaa. Yuko pia ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, mla kaa, anayezaliana kwenye mashimo ya mchanga katika visiwa na fukwe za Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, kisha hushuka pwani yetu. Shirika la A Rocha Kenya huwavisha ndege hawa pete na kuwafuatilia. Tangu mwaka 2001, mpango wake wa ASSETS umetumia mapato ya wageni wanaopita kwenye daraja la mbao ndani ya mikoko kulipia karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kando ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kwa familia hizo, mkoko uliosimama umekuwa ada ya shule.

Dakatcha nako rekodi zilikuwa na kazi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 palikuwa na mpango wa kufyeka eneo kubwa la misitu ili kupanda jatrofa ya kutengenezea mafuta. Wakazi na watetezi wa mazingira waliupinga kwa hoja za ardhi, riziki, na makao ya mnana wa Clarke, na haukuendelea. Baada ya viota kupatikana, ilijulikana pia kwamba kuulinda mrihi peke yake hakutoshi: ni lazima vinamasi vidogo vya msimu vilindwe nao, ingawa kuna miaka havipati maji kabisa.

Nafasi za kupeleka rekodi zenu zipo kisheria. Nchini Kenya, sheria ya misitu ya mwaka 2005 ilifungua njia kwa jamii kuunda vyama vya kushiriki katika usimamizi wa misitu. Tanzania, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu vijiji kutenga na kusimamia misitu yao. Mradi mkubwa unapofanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, wananchi wana haki ya kutoa maoni. Maoni yenye orodha ya ndege, tarehe na idadi ya miaka mitatu ni vigumu kuyapuuza.

Adabu ya mtazamaji

Heshima kwa ndege inakuja kabla ya hamu ya kumwona. Usisogelee kiota; mzazi akikimbia, kinda huungua na jua au huliwa na kunguru. Usipige sauti ya ndege kwenye simu ili kumwita, hasa wakati wa kuzaliana. Bundi wa Sokoke, mwenye urefu usiofika sentimita 20 na anayepatikana tu katika misitu michache ya pwani ya Kenya na ya Usambara Mashariki nchini Tanzania, hulala mchana. Kumwamsha kila siku kwa ajili ya picha ni kumtesa. Usitangaze mahali halisi pa viota vya ndege adimu. Omba ruhusa kabla ya kuingia shamba la mtu, na ukiwa msituni mlipe mwongozaji wa eneo hilo.

Pia usibishane na anayemwogopa bundi kwa imani ya uchuro. Mweleze kwamba bundi hula panya wa ghalani, kisha mwalike aje mtazame pamoja.

Mwezi wako wa kwanza

Wiki ya kwanza, jifunze ndege watano wa uani. Wiki ya pili, waandike kila asubuhi kwa saa ile ile. Wiki ya tatu, mchukue jirani au mtoto mmoja mkatembee njia fupi. Wiki ya nne, tuma orodha yako ya kwanza kwenye Kenya Bird Map, atlasi ya Tanzania au eBird, na umpe nakala mwalimu wa shule iliyo karibu. Fanya hivyo kwa mwaka mzima, kupitia masika, kipupwe, vuli na kaskazi. Siku ofisa au mwekezaji atakapokuja kuuliza kama kile kinamasi nyuma ya shule kina faida yoyote, kijiji chako kitakuwa na majibu yenye tarehe, yaliyoandikwa na wanakijiji wenyewe.