Eliya Aliguswa

Somo: 1 Wafalme 19:1–8

Kijana mmoja hapa Mokowe aliniambia, "Pasta, usiku nikilemewa naandikia programu ya simu. Nyinyi nikiwaambia mtasema nina pepo." Nilinyamaza. Amesema kweli.

Sikumkataza. Programu hizo zaweza kukusaidia kutulia na kupanga mawazo. Lakini nimesomea biashara: hiyo ni bidhaa, na bidhaa huondolewa sokoni. Woebot, iliyoanza 2017 kuliwaza watu, ilifungwa Juni 30, 2025.

Mtazame Eliya chini ya mretemu, akiomba afe. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akarudi mara ya pili. Simu haigusi, wala haileti mkate.

Basi, ukimwona ndugu amenyamaza, mwendee. Chai kwanza, maswali baadaye. Na wewe unayewaza kufa, usingoje kuche: piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Ikibidi hospitali, tutavuka nawe hadi Lamu.

Swali la ushirika wa nyumbani: Nani anaogopa kutuambia, na tumemwogopesha kwa neno gani?