Jua Haki Zako: Jina Lako Liandikwe Kabla Chombo Hakijang'oa Nanga

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Uwezo wake ulikuwa abiria 600 na ushei. Tume ya uchunguzi ilibaini kuwa ilibeba zaidi ya 2,000, na zaidi ya 1,300 hawakuonekana tena. Bahari ikishachukua mwili, kinachobaki kumtetea marehemu ni maandishi.

Abiria

Hakikisha tiketi ina jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ukinunua kwa mpigadebe tiketi yenye jina la mwingine, orodha itamtaja huyo, si wewe. Mtoto wa kubebwa naye aandikwe, hata kama halipi nauli. Piga picha tiketi, umtumie mtu wa nyumbani. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka, kisha toa taarifa kwa mamlaka ya vyombo vya baharini: ZMA kwa Zanzibar, TASAC kwa Tanzania Bara, KMA kwa Kenya.

Aliyepotea

Bila uthibitisho wa kifo, mirathi hukwama na mjane hajui kama akae eda au aendelee kusubiri. Sheria humdhania mtu amefariki asiposikika kwa miaka 5 Tanzania Bara, na miaka 7 Kenya. Lakini si lazima kungoja muda huo wote kama upo ushahidi wa kuiridhisha mahakama: jina kwenye orodha ya abiria, tiketi, shahidi aliyemuona akipanda. Toa taarifa polisi mapema na utunze namba ya jalada.

Fidia

Kifo kikisababishwa na uzembe, mke au mume, watoto na wazazi wa marehemu wanaweza kumdai mwenye chombo. Bahasha ya ubani inayoletwa msibani si fidia. Ikija na karatasi yenye maneno "nimepokea na sitadai tena", usitie saini wala dole gumba kabla hujaonana na mwanasheria.

Baharia

Kenya na Tanzania zimeridhia Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006. Kwa meli zinazohusika, baharia ana haki ya mkataba wa ajira wa maandishi na nakala yake mkononi. Meli ikizama, mwenye meli humgharimia kurudi kwao na kumlipa kwa kukosa kazi, malipo ambayo nchi inaweza kuyawekea ukomo wa mshahara wa miezi 2. Cheti cha bima ya kifo na ulemavu wa kudumu hubandikwa melini mahali pa wazi. Kisome.

Mkataba huo hauhusu majahazi ya kienyeji wala vyombo vya uvuvi. Hata hivyo, aliyeajiriwa humo anaweza kudai chini ya sheria za fidia kwa wafanyakazi: kupitia mfuko wa WCF kwa Bara, na sheria ya WIBA kwa Kenya. Kote kuwili usipitishe miezi 12 tangu ajali. Nahodha, kabla ya kutweka, andika majina ya mabaharia wako wote na uyaache pwani kwa mtu mwaminifu.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa. Kenya na Tanzania zina sheria za msaada wa kisheria bila malipo. Nenda mapema, na ubebe kila karatasi uliyonayo.