Kivinjari cha majaribio: Kitumie bila kukwama

Katika wadi za Mathare, kuanzia Mlango Kubwa hadi Kiamaiko, huduma nyingi za serikali sasa hupitia mlango mmoja. Mfanyabiashara anayelipia leseni, kijana anayeomba cheti cha maadili mema kwenye eCitizen na mwanafunzi anayejaza fomu ya mkopo wa HELB wote wanahitaji kivinjari, yaani programu ya simu au kompyuta inayofungua tovuti. Kivinjari kikikwama siku ya mwisho ya kutuma maombi, anayeumia ni mwombaji.

Kwa hivyo, mkazi anayetaka kujaribu toleo la majaribio, maarufu kama beta, anafaa kujua linavyofanya kazi kabla ya kulipakua.

Beta ni nini?

Beta ni toleo linalokaribia kukamilika, ambalo watengenezaji huwapa watumiaji walijaribu ili kasoro zionekane kabla halijamfikia kila mtu. Si programu bandia. Chrome yenyewe ilitolewa mara ya kwanza kama beta mnamo Septemba 2008, na alama hiyo ikaondolewa Desemba mwaka huo.

Leo Chrome ina ngazi nne: Stable, ambayo ndiyo ya kawaida, Beta, Dev na Canary. Canary hubadilika karibu kila siku na ndiyo yenye kasoro nyingi zaidi. Anayeanza asipite Beta.

Jinsi ya kusakinisha kwenye simu ya Android

1. Angalia nafasi iliyobaki kwenye simu. Utakuwa na vivinjari viwili, na kila kimoja hula nafasi yake.
2. Fungua Play Store na utafute Chrome Beta. Hakikisha mtengenezaji aliyeandikwa ni Google LLC.
3. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, kisha weka mipangilio ya Play Store ili masasisho yaje kwa Wi-Fi pekee. Beta husasishwa mara kwa mara, na bando linaweza kuisha bila wewe kujua.
4. Acha Chrome ya kawaida mahali pake. Hizi ni programu mbili tofauti na zinakaa pamoja bila kugombana. Ikoni ya beta ina neno Beta.

Usikubali faili la "Chrome mpya" linalotumwa kwa WhatsApp au SMS. Ikiwa Play Store inasema simu yako haiwezi kutumia programu hiyo, usiitafute kwingine. Faili la pembeni linaweza kuwa mtego wa kuiba nywila na pesa.

Kila kazi na kivinjari chake

Tumia beta kusoma habari, kutazama video na kujaribu mambo mapya. Malipo, fomu za serikali na benki zibaki kwenye kivinjari cha kawaida. Fomu ikigoma kwenye beta, usibonyeze kitufe cha kulipa mara ya pili. Kwanza angalia ujumbe wa M-Pesa kuona kama pesa zimetoka, kisha ingia tena kwa kivinjari cha kawaida uone kama malipo yameingia.

Ni vyema pia kutumia beta bila kuingia kwenye akaunti ya Google. Ukiingia na kusawazisha, alamisho au nywila utakayofuta kwenye beta inaweza kufutika pia kwenye kivinjari chako cha kawaida.

Wenye saiba wana jukumu zaidi. Kompyuta ya wateja iwe na toleo la kawaida pekee. Anayetaka kujaribu beta aiweke kwenye mashine yake mwenyewe.

Ukitaka kuacha

Ikiwa ulipakua Chrome Beta, ifute tu, na Chrome ya kawaida haitaguswa. Lakini baadhi ya programu kwenye Play Store zina kitufe cha kujiunga na majaribio. Hicho hubadilisha programu uliyo nayo kuwa beta. Ili kurudi nyuma, jiondoe kwenye majaribio, futa programu, kisha uipakue upya. Hifadhi kwanza unachohitaji, kwa sababu kilichokuwa kwenye simu pekee kinaweza kupotea.

Ripoti kasoro

Faida kubwa ya beta ni kwamba maoni ya mtumiaji hufika mapema. Chrome inapatikana kwa Kiswahili. Ukiona neno lililotafsiriwa vibaya au ukurasa unaogoma kwenye simu ya bei nafuu, bonyeza vitone vitatu, uende sehemu ya usaidizi na maoni, ueleze ulichokuwa ukifanya na kilichotokea. Ukiambatisha picha ya skrini, hakikisha haionyeshi nambari ya kitambulisho, nambari ya simu wala nywila. Kasoro inayoripotiwa mapema inaweza kurekebishwa kabla haijamfikia jirani anayetuma fomu yake dakika ya mwisho.