SOMO LA MAZINGIRA: WANGA WA MUHOGO NA KIFUNGASHIO KINACHOOZA

Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, kwa Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006, na Kenya ikafuata mwaka 2017. Hata hivyo, Kanuni hizo hazikugusa vifungashio ambavyo bidhaa yenyewe huvihitaji, kama vile vya dawa, vya vyakula vilivyosindikwa na vya pembejeo za kilimo. Ndiyo maana mdalasini na pilipili manga za Matombo na Kinole bado hufika sokoni zikiwa ndani ya plastiki. Tena, mifuko mbadala mingi tuliyoizoea imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni plastiki: faida yake ni kutumika mara nyingi, wala si kuoza.

Swali linalobaki ni hili: je, kifungashio kinaweza kutengenezwa kwa zao la shambani, kikatumika, kisha kikarejea udongoni? Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti ambayo mwananchi anapaswa kuyafahamu kabla ya kutoa fedha yake.

Kwa nini plastiki haiozi

Plastiki ya kawaida ni mnyororo mrefu wa kaboni na hidrojeni utokanao na mafuta ya petroli au gesi asilia. Bakteria na kuvu wa udongoni hawana kimeng'enya cha kuukata kwa kasi ya maana. Jua huivunjavunja tu ikawa chembe ndogo. Kwetu jambo hili ni zito, kwa kuwa vijito vya Uluguru hushuka hadi Mto Ngerengere na Mto Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanywewayo na sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Taka itupwayo korongoni huku juu haiishii hapa.

Wanga nao ni mnyororo mrefu, lakini umeungwa kwa sukari. Viumbe wa udongoni huujua na huula, kama vile sisi tunavyokula ugali.

Jinsi wanga unavyogeuka plastiki

Punje za wanga wa muhogo zikipashwa moto katika maji, kwenye nyuzijoto kati ya 60 na 80 hivi, huvimba, hupasuka na kuwa ute. Ute huo ukikauka peke yake huwa utando mkavu unaokatika kama kioo. Ili ulegee huongezwa kilainishi, na kinachotumika zaidi ni gliseroli, ambayo dukani huitwa glisirini. Kilainishi hujipenyeza kati ya minyororo na kuifanya iteleze. Kiwandani, mchanganyiko huo husukumwa katika mashine yenye joto na mgandamizo, ukatoka ukiwa chembe za kutengenezea mifuko, sahani au vikombe.

Jaribio kwa shule

Changanya kijiko kikubwa kimoja cha wanga wa muhogo, vijiko vikubwa vinne vya maji, kijiko cha chai kimoja cha siki na kingine cha glisirini. Koroga kwenye moto mdogo hadi ute uwe mzito na wa kung'aa. Utandaze kwenye sinia bapa, uuache siku moja au mbili. Tengeneza utando wa pili usio na glisirini, uone tofauti. Kisha fukia vipande vya tando hizo pamoja na kipande cha plastiki ya kawaida katika udongo wenye unyevu, mkague kila wiki. Mwalimu asimamie kazi ya moto.

Udhaifu wake

Wanga hupenda maji. Utando wa wanga mtupu hunyonya unyevu, hulegea na kuchanika. Ukikaa muda mrefu mahali pakavu hukakamaa. Hivyo haufai kuhifadhia viungo vikavu kwa miezi katika hali ya ukungu wa milimani: unyevu ungepita na bidhaa ingeota kuvu. Kwa sababu hiyo viwanda huchanganya wanga na polima nyingine zinazooza, mathalani asidi polilaktiki, na bei hupanda.

Matumizi yanayoelekea kufaa ni yale ya muda mfupi: mboga za siku moja, sahani za shughuli, na viriba vya miche. Kiriba kinachooza kingeweza kupandwa pamoja na mche, badala ya kuachwa kando ya shimo. Lakini nacho lazima kistahimili miezi ya kumwagiliwa kitaluni, jambo ambalo wanga mtupu hauliwezi.

Neno "inayooza" lichunguzwe

Si kila kilichoandikwa kuwa kinaoza huoza. Baadhi ya plastiki hutiwa kemikali ya kuzivunja vipande tu. Kiwango cha Ulaya EN 13432 hudai angalau asilimia 90 ya kaboni igeuke hewa ya ukaa ndani ya miezi sita, katika mboji yenye joto la nyuzi 58 hivi. Shimo la taka la nyumbani mara nyingi halifiki joto hilo. Muuzaji aulizwe: kinaoza wapi, kwa muda gani, na nani amethibitisha?

Muhogo: chakula au kifungashio?

Kilo moja ya wanga huhitaji takribani kilo nne hadi tano za muhogo mbichi, nao muhogo huanza kuharibika siku mbili au tatu baada ya kung'olewa. Kwa hiyo kiwanda kingemletea mkulima soko, lakini kingeshindana na chungu cha nyumbani mwaka wa njaa. Maganda na makapi ya kusindika muhogo, ambayo bado yana wanga, ni malighafi inayostahili kutazamwa kwanza.

Kwa sasa, jani la mgomba, kikapu na tenga vimekwisha kuthibitika: huoza bila cheti. Mjasiriamali anayetaka kuanza kutengeneza vifungashio afike kwa Afisa Biashara na Afisa Mazingira wa Halmashauri, aonane na SIDO kwa ushauri wa mitambo, na athibitishe ubora wa bidhaa yake TBS kabla ya kuiuza.