Bustani ni Dawa kwa Mkazi wa Mtaani

Je, msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipoketi chini ya mti bila kusubiri mtu wala matatu? Ikiwa unaishi Laini Saba, huenda hukumbuki. Chumba ni kimoja, jiko la makaa au la mafuta ya taa liko karibu na kitanda, na watoto huchezea kichochoroni kando ya mtaro. Jumapili nayo huishia kwa kufua na kulala.

Ajabu ni kwamba jina Kibera limetokana na neno la Wanubi, kibra, maana yake msitu. Msitu huo ulikwisha, lakini miili yetu bado inauhitaji.

Miguu hufanya kazi, akili haipumziki

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kutembea kwa mwendo wa haraka, huku ukiweza kuzungumza, kunatosha. Mwendo huo husaidia kuteremsha shinikizo la damu, kudhibiti sukari mwilini na kuleta usingizi mzuri.

Utasema, "Mimi huenda Industrial Area kwa miguu kila siku." Ni kweli, na moyo wako unafaidika. Lakini njiani unakwepa magari, unavuta moshi na unahofia kuchelewa. Akili haijapumzika.

Mwaka wa 2019, matokeo ya utafiti uliohusisha watu karibu 20,000 nchini Uingereza yalichapishwa. Waliokaa penye miti, nyasi au ufuo kwa angalau dakika 120 kwa wiki walielekea kusema kwamba wana afya njema na wameridhika na maisha kuliko wasiotoka kabisa. Haikujalisha kama saa hizo mbili zilikuwa za siku moja au zaidi. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba miti pekee ndiyo iliyoleta afya, kwa sababu mgonjwa naye hatoki sana nje. Hata hivyo, saa mbili za Jumapili hazina madhara.

Watoto wana haja zaidi. Ngozi inapopata jua, mwili hutengeneza vitamini D inayosaidia kujenga mifupa. Mtoto mchanga anayefungiwa chumbani kutwa anaweza kupata matege, hata katika nchi yenye jua kama yetu. Walio na umri wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji dakika 60 za kukimbia na kucheza kila siku.

Uende wapi?

Bustani ya miti ya Nairobi, Arboretum, ilianzishwa mwaka wa 1907 ili kujaribu miti ya kigeni ambayo kuni zake zingeendesha garimoshi za reli. Ni reli iyo hiyo inayopita Kibera. Leo eneo hilo lina ukubwa wa hekta 30 hivi, na kima hurukaruka juu ya matawi.

Kutoka Laini Saba, fuata Barabara ya Mbagathi hadi Barabara ya Ngong, ingia Valley Road, kisha pitia Milimani hadi State House Road. Kwa mtu asiye na haraka, ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Kuna kiingilio, kwa hivyo uliza mapema kiasi chake na jinsi kinavyolipwa.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, beba maji na chakula kutoka nyumbani. Vya njiani vitakumalizia pesa. Pili, usiwape kima chakula, kwani huuma na kupora. Tatu, ondoka mapema ufike nyumbani kabla ya giza. Nne, ukihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu unapotembea, pumzika na umwone daktari.

Ukishafika, usijipe kazi. Keti, waache watoto wakimbie, sikiliza ndege.

Kumbuka pia kwamba bustani hazijilindi. Mwaka wa 1989, jumba la orofa 60 lilipangwa kujengwa ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai alilipinga kwa barua, akadhihakiwa hadi Bungeni, lakini mwishowe mpango ule ulitupwa. Swali ambalo kila mzazi wa mtaani angeuliza ni hili: wasio na ua nyumbani watapumzika wapi?

Basi Jumapili hii, fua mapema, washike watoto mkono, na muende penye miti.