Njia Iliyozibwa

Mwanafunzi aliye karibu kumaliza madarasa ya juu huulizwa na kila mtu, "Utafanya kazi gani?" Baba ana shauri lake, mjomba ana lake, na mwalimu naye ana lake. Lakini mwanafunzi Mkristo analo swali jingine, gumu kuliko hilo: Je, Mungu ataka nifanye nini na maisha yangu?

Wengine hungojea ndoto, au sauti ya usiku kama ile aliyoisikia Samweli. Wengine hufumba macho, wakafungua Biblia popote, wakaweka kidole juu ya mstari na kuufanya kuwa jibu. Desturi hiyo si njema, maana kidole huangukia popote. Afadhali tusome habari za mtu aliyeutafuta mwito wake kwa miaka mingi, tuone jinsi alivyoongozwa.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Shuleni mtoto huyu alipenda ramani kupita kiasi. Alipoona sehemu ya mashariki ya Afrika imeachwa tupu, majina ya miji ni haba, alistaajabu akauliza kama huko hakuna watu, kuna fisi tu. Alitamani kuwa nahodha, lakini baba yake hakuwa na fedha za mafunzo hayo. Kisha siku moja mkuu wa shule akawasomea wanafunzi habari za kazi ya misioni, na maneno yale yakamwingia moyoni.

Basi akaenda kusoma katika chuo cha wamisionari cha Basel, nchi ya Uswisi. Mambo hayakunyoka. Akaingiwa na shaka, akakiacha chuo. Akasomea uchungaji, akawa mchungaji msaidizi, na kazi hiyo nayo haikudumu. Ndipo alipokutana na mmisionari Mswidi, jina lake Fjellstedt, ambaye alimhimiza arudi katika nia yake ya kwanza. Akajitoa kwa chama cha CMS cha Uingereza, na mwaka 1837 akaondoka kwenda Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi.

Angalieni, hakuna sauti iliyotoka mbinguni. Palikuwa na ramani, na kisomo cha mwalimu, na neno la rafiki aliyemjua.

Huko Ethiopia moyo wake ulishikwa na taifa moja kubwa, yaani Waoromo, ambao siku zile waliitwa Wagala. Krapf alisadiki kabisa kwamba kuwapelekea Injili watu hao ndiyo kazi aliyoitiwa na Mungu. Lakini mwaka 1838 alifukuzwa Adwa. Akaenda Shoa, akakaa karibu miaka mitatu. Mwaka 1842 alitoka kwenda kumpokea mchumba wake, na njiani mkuu mmoja akamfunga na kumnyang'anya mali yake yote. Akamwoa Rosine Dietrich katika mji wa Alexandria, wakajaribu kurudi pamoja. Safarini, jangwani, Rosine akazaa mtoto, naye akafa papo hapo. Wakampa jina la Eneba, maana yake chozi. Na njia ya Shoa ikawa imezibwa.

Mtume Paulo naye alipatwa na jambo kama hili. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 16. Alitaka kuhubiri Asia, akakatazwa. Akajaribu kuingia Bithinia, asipewe ruhusa. Hata akafika Troa, penye bahari, asijue la kufanya. Hakupewa habari za Makedonia alipokuwa nyumbani ameketi. Alipewa akiwa njiani, baada ya kujaribu.

Krapf akafanya shauri la kuzunguka kwa bahari, awafikie Waoromo kwa upande wa kusini. Januari 1844 alifika Unguja, akapewa barua na Sayyid Said, kisha akahamia Mombasa. Mwezi wa Juni, akisaidiwa na kadhi wa mji, alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi wa Julai homa ikawashika wote wawili. Rosine alikuwa amezaa mtoto wa pili. Tarehe 13 Julai akafariki, na siku chache baadaye mtoto akamfuata. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa.

Wako watu wasemao kwamba Mungu alimwondoa Rosine ili Krapf akae Mombasa. Mimi sithubutu kusema hivyo. Hayo yangekuwa kujifanya mshauri wa Mungu. Tujualo ni kwamba mjane huyo, angali dhaifu kwa homa, aliwaandikia wakuu wake Ulaya wala hakuomba kurudishwa. Aliwahimiza watume watu zaidi. Kisha akaishika tena kalamu yake, akaendelea kuandika maneno ya Kiswahili, moja moja, kama alivyoyasikia.

Mwaka 1846 alikuja mwenzake Rebmann, wakajenga Rabai. Sarufi ya Krapf ilipigwa chapa mwaka 1850, na kamusi yake kubwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Yeye alikihesabu Kiswahili kama ngazi tu ya kuwapandia Waoromo. Tuliobaki twaona kwamba ngazi ile ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Kila siku alitenda lililo mbele yake kwa bidii, naye hakujua kwamba hilo ndilo.

Je, ile hamu yake kwa Waoromo ilikuwa kosa? Alikuwako mtoto wa Kioromo aliyeibwa na kuuzwa utumwani, akapewa uhuru Massawa mwaka 1870, na wamisionari wa Kiswidi wakamfundisha. Alipobatizwa aliitwa Onesimos Nesib. Yeye pia alitaka kuwarudia watu wake, na njia ikafungwa kwake mara kwa mara. Katika kungoja akaifasiri Biblia, akisaidiwa na binti wa Kioromo, Aster Ganno, ambaye naye alikuwa ameonja utumwa. Mwaka 1899 Biblia nzima ya Kioromo ikapigwa chapa St. Chrischona, karibu na Basel, mji ule ule ambao Krapf aliukimbia alipokuwa kijana mwenye shaka. Mwaka 1904 Onesimos akafika kwao, na kitabu mkononi.

Maswali. Ni nani waliomwongoza Krapf alipokuwa kijana, na kila mmoja alimwongoza kwa njia gani? Kwa nini mwandishi hakubali kueleza sababu ya kifo cha Rosine? Taja kazi moja uliyopewa leo nyumbani au shuleni ambayo waiona kuwa ngazi tu.